Kifua kikipimwa: kutoka benchi ya vyuma hadi silabi

0. Utangulizi

Katika somo la fonetiki tunafundishwa kwamba sauti ya mtu inaanzia kwenye pumzi, na pumzi inaanzia kifuani. Katika vitabu vya zamani tunasoma pia kwamba kila silabi ni pigo moja la misuli ya kifua. Wengi wetu tunaliandika jambo hilo daftarini, tunalirudisha siku ya mtihani, wala hatuulizi lilipimwa namna gani. Na misuli inapimika. Wako watu wanaoipima kila siku, ila si wanaisimu: ni wataalamu wa michezo wanaotaka kujua zoezi lipi la kunyanyua vyuma linafanyisha kifua kazi kuliko lingine.

Makala haya ni somo dogo juu ya upimaji huo. Tutaanza pale unapoonekana kwa urahisi, yaani kwenye benchi ya mazoezi. Tutaeleza chombo kinapima nini na hakipimi nini. Kisha tutarudi kwenye silabi, tuone kipimo kilekile kiliifanya nini nadharia ya pigo la kifua. Msomaji hahitaji kuwa mwanafizikia. Anahitaji tu kutochanganya mambo matatu ambayo maneno yetu huyachanganya kwa wepisi: umeme, kazi na nguvu.

1. Kifua kipi?

Neno kifua katika Kiswahili ni pana. Mtu akisema «nina kifua», tunaelewa kwamba anakohoa. Akisema «amejenga kifua», tunaelewa kwamba ananyanyua vyuma. Kwa kupima, lazima tuchague msuli mmoja na kuutaja.

Juu kabisa, chini tu ya ngozi na mafuta, kuna msuli mkubwa wa kifua. Una umbo la upepo wa kujipepea: upande mpana umeshika mtulinga, mfupa wa kidari na gegedu za mbavu za juu, upande mwembamba umeshika mfupa wa mkono, karibu na bega. Ukijikaza, unaleta mkono mbele na ndani, kama mtu anayekumbatia. Ndio unaosukuma tunapopiga pompe au tunapolala chali na kusukuma chuma juu. Wapimaji huugawa sehemu mbili: sehemu ya mtulinga, iliyo juu, na sehemu ya kidari, iliyo katikati na chini. Mgawo huo utatufaa hapo mbele.

Ndani zaidi kuna misuli mingine, midogo na myembamba, iliyo katikati ya ubavu na ubavu. Imepangwa kwa tabaka. Tabaka la nje husaidia kuinua mbavu tunapovuta pumzi. Tabaka la ndani, kwa sehemu kubwa, husaidia kuzishusha tunapotoa pumzi. Hii haibebi chuma. Ndiyo inayomhusu mtu wa fonetiki.

Kwa hiyo mwanamichezo na mwanafonetiki wote wawili wanasema «misuli ya kifua», lakini hawasemi juu ya nyama ileile. Kinachowaunganisha ni chombo.

2. Chombo kinasikiliza nini

Ubongo ukitaka msuli ufanye kazi, unapeleka amri kupitia neva. Hapa pia tuwe waangalifu: katika lugha ya kila siku neno mshipa linabeba njia ya damu, neva, na hata kano. Katika makala haya neva ni neva tu. Kila uzi wa neva unaofika kwenye msuli unaamrisha kundi la nyuzi za msuli, na kundi hilo lote huitika kwa pamoja. Nyuzi zikiitika, mawimbi madogo ya umeme hupita juu yake. Umeme huo unatangulia kidogo mwendo wenyewe, kwa sehemu ya makumi ya milisekunde.

Kuusikiliza umeme huo ndiko kunakoitwa elektromiografia. Jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1791 Luigi Galvani, huko Bologna, alitangaza kwamba umeme unafanya mguu wa chura uruke. Mwaka 1849 Emil du Bois-Reymond, Mjerumani, alionyesha kwamba mtu akikaza msuli wake kwa hiari, umeme unaweza kuonekana kwenye chombo. Yaliyofuata yalikuwa hasa kuboresha vyombo.

Siku hizi, kwa msuli ulio chini ya ngozi, hubandikwa elektrodi mbili ndogo juu ya msuli, zikifuata mwelekeo wa nyuzi, mara nyingi zikiwa na nafasi ya sentimita 2 kati ya vitovu vyake. Elektrodi ya tatu hubandikwa mahali penye mfupa, pasipo na msuli wa kusema lolote, iwe ya kulinganishia. Ngozi hunyolewa na kusafishwa kwa alkoholi, maana jasho, mafuta na nywele huzuia umeme. Kwa msuli ulio ndani sana, kama ile ya kati ya mbavu, elektrodi za juu ya ngozi hazitoshi, kwa sababu msuli wa juu unazungumza kwa sauti kubwa na kuufunika ule wa chini. Hapo daktari hutumia sindano nyembamba au uzi wa chuma.

Umeme unaopatikana ni mdogo sana: hauzidi milivolti chache. Nao unatetemeka kwa haraka. Sehemu kubwa ya habari yake iko chini ya hezi 500. Kwa hiyo kompyuta lazima ichukue vipimo angalau 1000 kwa sekunde. Anayerekodi sauti kwa ajili ya fonetiki anaijua kanuni hii: vipimo kwa sekunde visipungue mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa tunaoutaka.

Kelele nazo zipo, kama zilivyo kwenye rekodi zetu. Umeme wa ukutani, hapa Congo, unatetemeka mara 50 kwa sekunde na huingia kwenye nyaya. Na kifua kina kelele yake ya pekee: moyo. Moyo ni msuli pia, una umeme wake, na elektrodi zilizobandikwa upande wa kushoto huupokea vizuri sana. Ndiyo maana wapimaji wengi huchagua upande wa kulia, au huchuja mawimbi ya polepole kabla ya kuhesabu.

3. Kutoka wimbi hadi asilimia

Wimbi lililorekodiwa linapanda juu na kushuka chini ya sifuri. Ukitafuta wastani wake hivyohivyo, utapata karibu sifuri, kama kwamba msuli haukufanya lolote. Hatua ya kwanza ni kugeuza sehemu za chini ziwe juu, au kuzipandisha zote kwenye mraba. Hatua ya pili ni kulainisha: kutafuta wastani wa kila kipande kifupi cha muda, ili tupate mstari unaopanda msuli unapochacha na kushuka unapotulia.

Bado mstari huo hauwezi kulinganishwa kati ya watu. Mtu mwenye mafuta mengi chini ya ngozi atatoa milivolti chache kuliko mwembamba, hata kama misuli yao inafanya kazi sawa. Elektrodi ikihama sentimita 1 tu, namba inabadilika. Kwa hiyo kuna hatua ya tatu, ambayo ndiyo moyo wa kazi yote: kumlinganisha kila mtu na yeye mwenyewe. Kabla ya zoezi, mtu anaombwa akaze msuli kwa uwezo wake wote dhidi ya kitu kisichosogea, kwa sekunde chache, mara kadhaa, huku akipumzika katikati. Kilele kinachopatikana kinaitwa 100 kwa 100. Kila kitu kingine kinahesabiwa kama sehemu ya kilele hicho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kilele cha Kasongo ni milivolti 0,80; katika zoezi anatoa 0,40. Kilele cha Ilunga ni 0,30. Katika zoezi lilelile anatoa 0,24. Ukisoma milivolti, utasema Kasongo amefanya kazi zaidi. Ukisoma asilimia, Kasongo yuko kwenye 50, Ilunga yuko kwenye 80. Ilunga ndiye anayekaribia mwisho wa uwezo wake.

Mwanafonetiki anaifahamu hali hii. Hatulinganishi hezi za toni ya juu ya mwanamume na za toni ya juu ya mwanamke moja kwa moja. Tunauliza: kwa mtu huyu, iko juu kiasi gani ukilinganisha na chini yake? Toni ni uhusiano. Asilimia ya msuli nayo ni uhusiano.

4. Benchi ilisema nini

Mfano unaojulikana ni utafiti uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Marekani American Council on Exercise, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, La Crosse. Vijana wanaume 14 walifanya mazoezi tisa ya kifua. Zoezi la kulala chali na kusukuma chuma kirefu lilifanywa kipimo, likapewa 100. Mashine ya kukaa na kufunga mikono mbele ilipata 98. Kuvuta kamba mbili za chuma huku umeinama mbele kulipata 93. Pompe ya kawaida ilikuwa mwishoni: 61.

Kijana wa mtaani asiye na mashine akisoma orodha hiyo, atakata tamaa. Lakini tusome kwa makini. Wanaotumia chuma walipewa uzito uliopimwa kwa kila mtu, asilimia 80 ya ule anaoweza kuunyanyua mara moja tu. Anayepiga pompe hana uzito mwingine isipokuwa mwili wake, tena si wote: karibu theluthi mbili, maana miguu inabeba mabaki. Kwa kijana mwenye nguvu, huo ni mzigo mwepesi. Orodha imelinganisha mazoezi, lakini pia imelinganisha mizigo isiyo sawa.

Swali hilo lilijibiwa vizuri mwaka 2015 na watafiti wa Hispania, Joaquín Calatayud na wenzake. Walichukua wanafunzi wa chuo kikuu wenye uzoefu wa mazoezi, wakawaongezea wapiga pompe mikanda ya mpira mgongoni, hadi umeme wa misuli yao ukawa sawa na wa wale wa benchi. Baada ya wiki tano, makundi yote mawili yalikuwa yameongeza nguvu kwa kiasi kinachofanana. Mzigo ukilingana, pompe haikuwa nyuma.

Mfano wa pili ni pembe ya benchi. Wanyanyua vyuma husema kwamba benchi iliyoinuliwa upande wa kichwa inajenga kifua cha juu. Barnett na wenzake, mwaka 1995, walipima na hawakuona sehemu ya mtulinga ikifanya kazi zaidi kwenye benchi iliyoinuliwa kuliko kwenye iliyo sawa. Walichoona ni bega la mbele kuongeza kazi. Mwaka 2010 Trebs na wenzake walipima tena, wakakuta kwamba kwenye pembe ya digrii 44 sehemu ya mtulinga inafanya kazi zaidi kuliko benchi ikiwa sawa, na sehemu ya kidari inapungua. Majibu mawili tofauti kwa swali linaloonekana moja. Hatuna haja ya kumwita mmoja mwongo. Elektrodi zilibandikwa na mikono tofauti, kwenye watu tofauti, kwa mizigo tofauti. Namba bila maelezo ya namna ilivyopatikana ni kama neno bila sentensi.

5. Namba si nguvu

Hapa tunafika kwenye shida ambayo ni ya lugha kabla ya kuwa ya sayansi. Tukitaka kusoma grafu kwa Kiswahili, neno la kwanza linalokuja mdomoni ni nguvu: «angalia, hapa msuli una nguvu zaidi». Kifaransa kinatenganisha force, puissance na énergie. Kiswahili cha kila siku kinaliweka nguvu mahali pote hapo, na tena kwenye umeme, kwenye sauti na kwenye dawa. Kiswahili cha vitabu vya sayansi kimetenga kani na nishati, lakini mitaani maneno hayo hayajafika.

Chombo chetu hakipimi kani. Kuna ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza: mtu anaposhusha chuma polepole, chuma ni kilekile, kilo ni zilezile, lakini umeme wa msuli ni mdogo kuliko alipokuwa anakipandisha. Wa pili: mtu akishikilia mzigo wa wastani kwa muda mrefu bila kuusogeza, umeme unaongezeka kadiri anavyochoka, maana ubongo unaita nyuzi nyingine zije kusaidia, na wimbi lenyewe linazidi kuwa la polepole. Namba inapanda wakati uwezo unashuka. Anayeisoma namba kama nguvu atasema kinyume cha ukweli.

Chombo hicho hakipimi pia msuli utakua kiasi gani mwezi ujao. Kinapima amri jinsi inavyofika na kuitikiwa, katika sehemu ya msuli iliyo chini ya elektrodi, kwa muda ule tu. Kwa hiyo tunapendekeza tuseme «mwitiko wa msuli». Kuitika ni neno letu sote: mtu anaitwa, anaitika. Mwitiko mkubwa hauonyeshi kama aliyeitika ni hodari.

6. Kurudi kwenye silabi

Sasa tunaweza kuisoma upya ile sentensi ya daftarini. Aliyeipa nguvu ni R. H. Stetson, mwanasaikolojia wa Oberlin huko Marekani, katika kitabu chake Motor Phonetics cha mwaka 1928. Alisema kwamba silabi ni mwendo mmoja wa misuli ya kati ya mbavu: kila silabi, pigo moja. Wazo lilikuwa zuri. Lilitoa silabi kwenye karatasi na kuiweka mwilini, na likatoa maelezo yanayofaa lugha zote kwa sababu watu wote wana mbavu.

Katika miaka ya 1950, huko Edinburgh, Peter Ladefoged, ambaye baadaye alisoma fonetiki ya lugha nyingi za Afrika, aliungana na wanafiziolojia Draper na Whitteridge. Walisikiliza umeme wa misuli hiyohiyo wakati watu wanasema. Hawakukuta pigo moja kwa silabi moja. Katika neno la Kiingereza kama pity, lenye silabi mbili, waliona ongezeko moja likifunika zote mbili. Katika neno kama stay, lenye silabi moja, waliona mara nyingine maongezeko mawili. Lililojitokeza zaidi ni mkazo: mara nyingi silabi yenye mkazo iliambatana na mwitiko wa ziada.

Waliona pia jambo ambalo sikio haliwezi kulijua. Mtu aliyevuta pumzi nyingi akaanza kusema hasukumi hewa. Mapafu yaliyojaa yanajirudi yenyewe kama puto. Hapo misuli ya kuvutia pumzi inaendelea kuitika, ikifanya kazi ya breki, ili hewa isitoke yote kwa mara moja. Ni baadaye tu, hewa inapopungua, ndipo misuli ya kutolea pumzi inapoingia. Yaani mwanzoni mwa sentensi ndefu kifua kinazuia, na mwishoni kinasukuma, ilhali silabi zinapita sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Hilo linatugusa sisi tunaosoma lugha za Kibantu. Tuchukue neno mtu la Kiswahili sanifu. Tunasema lina silabi mbili, m-tu, ingawa ya kwanza haina vokali. Hapa Lubumbashi wengi wanatamka mutu au muntu, na mgeni anaweza kufikiri kwamba ni sisi tulioongeza silabi. Tungetegemea pigo la kifua kama ushahidi, tungelazimika kutafuta pigo la m, na tusipolipata tungeiondoa silabi hiyo. Lakini ushahidi wa silabi hiyo hauko kwenye mbavu. Uko kwenye mfumo wa lugha: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika mtu unaangukia m. Aliyetamka mutu hakuongeza silabi, amebakiza vokali. Vivyo hivyo katika Kiluba na Kibemba, toni inatuonyesha silabi, na toni inatengenezwa kooni, si kifuani.

Tuangalie pia kwamba lugha yetu ilikuwa imeshika sehemu ya jambo hili. Mkazo unatokana na kukaza, kitenzi kilekile tunachokitumia kwa kamba na kwa msuli. Kipimo cha Edinburgh kiliunga mkono kiungo hicho zaidi kuliko kile cha silabi.

7. Hitimisho

Kipimo cha mwitiko wa misuli ya kifua kina maana pale tu tunapojua msuli upi umepimwa, elektrodi ziliwekwa wapi, namba imelinganishwa na nini, na mzigo ulikuwa upi. Kwenye benchi ya vyuma, kusahau maswali hayo kunamfanya kijana adharau pompe zake bure. Katika fonetiki, kusahau maswali hayo kuliruhusu sentensi moja ya mwaka 1928 iendelee kunakiliwa baada ya kupimwa na kukosolewa. Silabi ipo, lakini tuitafute katika mfumo wa lugha. Na tunaposema iko mwilini, tuonyeshe msuli.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini milivolti za watu wawili hazilinganishwi moja kwa moja? Toa mfano mwingine kutoka fonetiki ya toni.
2. Mtu anashikilia mzigo uleule kwa dakika moja, na mwitiko unapanda. Je, nguvu zake zimeongezeka? Eleza.
3. Tafuta katika lugha yako ya nyumbani maneno yanayotafsiri force na énergie. Je, ni neno moja au mawili? Toa sentensi mbili kwa kila moja.
4. Hesabu silabi za nchi, mkate na nne katika Kiswahili sanifu, kisha katika matamshi ya mtaani kwako. Umetumia ushahidi gani?